Wimbo Nilioutia Kwenye Mkanda Bubu

Jumanne, Nachingwea. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekuja tangu asubuhi yakasimama, hayanyeshi wala hayaondoki. Majirani wote wako mashambani wanaokota korosho, na mtaa umekuwa kimya kiasi kwamba nasikia pumzi yangu mwenyewe. Miguu imevimba, nimeiweka juu ya kigoda.

Katika maisha yangu nimeulizwa swali moja mara mbili. Mara ya kwanza niliulizwa mbele ya kijiji kizima, na jibu langu kila mtu alilisikia. Mara ya pili niliulizwa na mtu mmoja, mahali ambapo hapakuwa na mwingine, na jibu hilo sijamwambia yeyote. Si marehemu mke wangu, si wanangu, si ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni tangu nilipoanza kuandika kumbukumbu zangu za ualimu.

Hilo la pili ndilo nililolificha.

Wiki iliyopita daktari alinieleza hali yangu, kwa upole wa mtu mwenye wagonjwa wengi nje: moyo umechoka, maji yatazidi kupanda. Mimi ni mwalimu, naijua sauti ya mtu anayesoma matokeo mabaya. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani na vidonge vyangu. Njiani niliwaza jambo moja tu. Bakari, rafiki yangu aliyejua nusu ya jambo hili, alishakufa. Nimebaki peke yangu ninayejua, na nikiondoka hivi, uongo wangu utabaki kuwa ndiyo historia.

Nilidhani nitaandika siku nyingine. Kilichonisukuma leo ni jambo dogo la jana mchana.

Mjukuu wangu Rehema, ambaye naye ni mwalimu, amechukua ruhusa kazini aje kunitazama. Jana alikuwa ameketi pembeni ya kitanda anaangalia filamu kwenye simu. Nikamwambia asogeze nami nione. Akasita. Ilikuwa filamu ya kutisha: familia imehamia nyumba kubwa, kuna chumba wameambiwa wasikifungue.

"Babu, moyo wako huo. Hutaogopa?"

Nikamwambia nitamtajia kila kitu kabla hakijatokea. Na nilimtajia. Sasa huyu dada atasikia kitu, ataita jina la mumewe, hatajibiwa. Atakifuata badala ya kukimbia. Atafungua kabati na atatoka paka. Atacheka. Akimaliza kucheka, ageuke.

Ikawa hivyo hivyo. Rehema alipiga kelele kwa paka, akapiga kelele zaidi kwa kilichokuja baada ya paka, kisha akanipiga begani akicheka. "Babu, wewe mchawi!"

Alikuwa anatania. Nilimwomba maji ya kunywa ili atoke chumbani.

Aliporudi aliniuliza kwa nini paka hutangulia. Nikamweleza kwamba mtu aliyetishwa bure hujionea aibu. Anajicheka, mabega yanashuka, ulinzi wote anauweka chini. Hapo ndipo unampiga. Akaniangalia kwa mshangao, akauliza nimejuaje mambo hayo, mimi mzee wa kusoma magazeti.

Nikamrudishia kikombe cha maji. Nimejua kwa sababu nilikuwa nikiwafanyia watu hivyo kila Jumamosi, saa nane mchana.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mandawa, upande wa Ruangwa, bado kijana. Rafiki yangu Bakari alikuwa na duka na banda la video. Kuta za udongo, paa la bati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi na magunia, hata ukiingia kutoka kwenye jua unapapasa kwa mikono kutafuta benchi. Jenereta ilinguruma nje. Watu walijaa: wakulima, akina mama waliomaliza soko, wachimbaji wa dhahabu waliotoka Namungo kwa baiskeli, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Filamu zilikuja kwa lugha ambazo watazamaji hawakuzijua. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti na kuwatafsiria. Kiingereza nilikijua. Kichina sikukijua, nacho nilikitafsiri. Nilipokosa maana nilitunga, na kusema kweli nilipotunga ndipo walipofurahi zaidi.

Filamu za kutisha ndizo zilizonipa jina. Nilizisoma kama nilivyosoma vitabu chuoni. Niligundua kwamba jini halipaswi kuonekana mapema, kwa sababu watu wakiliona wanaanza kulipima, meno yake, urefu wake, nguo yake, na wakishalipima wamelizoea. Wacha waone mlango tu. Wacha waone kivuli cha mguu chini ya mlango. Kilichobaki wataumba wenyewe, na kila mmoja ataumba kile anachokiogopa yeye, kitu ambacho mtengeneza filamu hawezi kukijua.

Niligundua pia kwamba nyumba ya mbali haimtishi mtu. Kwa hiyo niliihamisha. "Ndugu watazamaji, nyumba hii iko baada ya daraja, mkono wa kushoto, ukitoka Ruangwa mjini. Mnaijua. Na binti huyu anaitwa Zuhura, amekuja kupanga." Banda zima lingehema kwa pamoja.

Na walimpenda Zuhura wao. "We dada, huna akili? Mlango unalia peke yake nawe unaufuata?" "Zuhura, rudi! Rudi kwa mama yako!" Mchimbaji mmoja alisimama akatukana skrini, akaambiwa akae chini, akasema hakai mpaka dada atoke mle ndani.

Hapo ndipo penye siri kubwa ya filamu hizi, nami nilijivunia kuielewa. Watu wanadhani hofu inatoka kwenye kutojua. Sivyo. Hofu kali inatoka kwenye kujua kabla ya yule anayehusika. Wewe umeona kilicho nyuma ya pazia, yeye hajaona. Unapiga kelele, na kelele yako haimfikii.

Nitarudi hapo. Mkono wangu unalizunguka jambo, kama nilivyojua utalizunguka.

Siku moja Bakari alirudi kutoka Lindi na mikanda mipya. Tuliijaribu mchana mmoja tukiwa wawili. Mkanda mmoja ulikuwa umenakiliwa mara nyingi mno; picha ilikuwepo, sauti ilikuwa imekufa. Si maneno, si muziki, si mlango. Kimya tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, nimeuziwa bubu!" Bakari aliupiga ule mkanda kofi kama mtoto mtukutu.

Nikamwambia auache, nitausemea mimi. Ilikuwa hadithi ya kikongwe ambaye haonekani vizuri. Unaona pindo la gauni lake, unaona mgongo wake, na kila nyumba anayopita, mtoto wa nyumba hiyo anaugua na kufa. Nilijua ni filamu nzuri. Lakini bila sauti haikumtisha mtu. Bakari alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha anacheka: "Bibi wa watu anajitembelea tu."

Ilihitaji wimbo. Katika filamu hizi, kitu kibaya huwa na wimbo wake unaokitangulia. Mara ya kwanza wimbo unakuja pamoja na kifo. Mara ya pili unakuja kabla kidogo. Mara ya tatu huhitaji tena kuonyesha chochote. Unapiga wimbo, na watu wazima wanashikana mikono wakitazama ukuta mtupu.

Nami nilikuwa naujua wimbo. Mandawa nzima ilikuwa inaujua.

Bibi Filomena alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akaishi ukingoni mwa kijiji chetu. Alifinyanga vyungu. Alikuwa na nembo za kimila mashavuni, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu, mahali alipovaa ndonya ujanani. Akinywa chai alishika kitambaa chini ya mdomo isimwagike. Sisi wengine pale, Wamwera wengi, Waislamu, tulimzoea bila kumjua. Akitembea na vyungu kichwani aliimba wimbo mmoja kwa kufumba mdomo, bila maneno. Ulipanda taratibu, ukasimama, ukashuka kama mtu anayekaa chini kwa uchovu.

Nilikwenda kwake kuuomba. Hili nataka lisomeke vizuri: niliuomba.

Nilimkuta barazani anasugua chungu kibichi kwa kijiwe cha mtoni. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba nataka kuutia wimbo wake kwenye sinema. Alicheka akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo.

"Mimi? Niingie sinema mimi?"

Alinifundisha. Niliimba, akatikisa kichwa. Niliimba tena, akasema, "Mwalimu, wewe sikio huna. Watoto wa watu unawafundisha nini?" Mara ya nne ndipo aliporidhika. Akaniambia mama yake aliuimba akisugua vyungu, na yeye aliuimba njia nzima walipokuwa wanakimbia vita, akiwa na binti yake Tereza mgongoni. Tereza alikuwa na homa. Walipofika upande huu alikuwa amekwisha kufa, na Filomena hakujua ni saa ngapi, kwa sababu hakuacha kuimba. Tangu hapo aliimba njiani. Alisema akinyamaza anahisi mgongo mtupu.

Hakuniuliza ni sinema gani. Sikumwambia.

Jumamosi ile niliimba wimbo wa Filomena kwenye kipaza sauti kila lilipotokea pindo la lile gauni. Mara ya kwanza watu walicheka, wakageukiana. "Eh, Mwalimu, huyo si Bibi Filo?" Nikasubiri. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa paka wangu. Walipomaliza kucheka, mtoto wa kwanza akafa kwenye skrini, nami nikaimba tena, taratibu, na hakuna aliyecheka.

Sijui kama ninyi mmewahi kuwa na chumba kizima mkononi. Watu mia moja wanapumua pale unapowaruhusu. Nilikuwa mwalimu mdogo wa shule yenye madarasa yasiyo na milango, na Jumamosi ile nilikuwa kitu kingine. Niliupenda uwezo ule. Mkanda tuliurudia Jumamosi nne.

Kuna kanuni nyingine ya filamu hizi ambayo nilikuwa naijua na sikuifikiria. Uso wa adui ni uso usiofanana na nyuso za watazamaji. Una kovu, una tundu, una alama. Mkanda wangu haukuonyesha uso wa kikongwe hata mara moja. Watu waliuweka wenyewe. Nilikuwa nimeshawaambia ni uso wa nani.

Watoto walianza kumkimbia njiani. Filomena alidhani ni mchezo, naye akafurahi kwamba wimbo wake umekuwa maarufu. Alimwambia muuza mihogo kwamba yeye sasa ni mtu wa sinema. Kisha watu wazima wakaanza kuvuka barabara. Kisha vyungu vikaacha kununuliwa.

Nililiona hilo. Bakari aliliona pia, akasema, "Mwalimu, tubadilishe mkanda, watu wanachukulia kweli." Nikamwambia wiki moja zaidi.

Katika wiki hiyo mtoto wa jirani yetu alipatwa na homa, akapata degedege, akafariki akiwa njiani kupelekwa zahanati. Asubuhi ya siku ile Bibi Filomena alikuwa amepita mbele ya nyumba hiyo na vyungu vyake, akiimba. Mama wa mtoto alikuwa amehudhuria banda letu Jumamosi iliyotangulia. Alikaa benchi la mbele.

Sikumlaumu mama yule, wala leo simlaumu. Alikuwa ameshaonyeshwa jinsi hadithi inavyokwenda.

Kikaitishwa kikao ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi, jua kali. Watu walijaa mpaka nje. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alitaka kijiji kitulie. Alimwuliza Filomena wimbo ule ameutoa wapi. Filomena akajibu kwa mama yake. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: mama yako alikuwa jini la kwenye video? Wakacheka, kicheko kile cha paka.

Filomena hakutishika. Alinitafuta kwa macho, akaniona nimesimama karibu na mlango, uso wake ukafunguka. "Mwalimu yupo. Nilimfundisha mimi mwenyewe, aliukosea mara tatu. Muulizeni."

Wote wakageuka.

Nilikijua kimya kile. Kila Jumamosi nilikuwa nakitengeneza. Sasa kilitengenezwa kwa ajili yangu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa pili wa skrini. Niliona jinsi mambo yatakavyokwenda nikisema kweli. Kama wimbo nimeutoa kwa bibi huyu nikaupachika kwa jini, basi mimi ndiye niliyewafanya watu wazima wajinga. Mimi ndiye niliyemtisha yule mama. Pengine angeitwa mganga aninyoe kichwa mimi, kama wanavyofanyiwa watuhumiwa wa uchawi. Pengine ningefukuzwa kazi. Sijui. Sikufikiri hata nusu ya hayo. Nilihisi macho tu.

Mwenyekiti akauliza: "Mwalimu, wimbo huu umo kwenye mkanda, au haumo?"

Nikasema umo. Na kwa kuwa mwongo anayejua kazi yake haachi tundu, nikaongeza kwamba niliusikia kwanza kwenye mkanda, nikashangaa kuona unafanana na wa bibi, ndipo nikaenda kwake kumwuliza.

Bakari alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alijua mkanda ni bubu. Alitazama viatu vyake.

Filomena alinitazama mimi, akamtazama mwenyekiti. Kisha akasema polepole, si kwa hasira, "Kama Mwalimu amesema." Katika kijiji kile mwalimu alikuwa ndiye msomaji wa barua za watu. Hakukuwa na njia ya kufikiri kwamba anaweza kukosea juu ya jambo lililo kwenye mkanda.

Huko kwetu kusini mtu akishikwa na tuhuma kama hizo, huitwa mganga wa kunyoa. Ananyolewa kichwa mbele ya watu, anachanjwa utosini, anapewa dawa anywe, na inasemwa uchawi wake umezimwa. Wazee wanasema ni huruma, maana kwingine mtu huuawa. Walimkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Alishika rozari. Dawa alipoinywa ilimwagika kwenye tundu la mdomo, wakasema anaitema, wakamjazia tena, na hakuna aliyempa kitambaa.

Mimi nilikuwa na kitambaa mfukoni.

Mganga akaagiza mkanda uchomwe pamoja na nywele. Bakari aliuleta mbio. Hakuna aliyesema tuusikilize kwanza.

Nimewaeleza kwamba hofu kali ni ya yule anayejua na kupiga kelele bila kusikiwa. Siku ile mimi na Bakari tulikuwa watazamaji pekee tuliojua. Na Filomena hakuwa nyuma ya kioo cha televisheni. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Angenisikia.

Baada ya juma moja alihamia Marambo, huku Nachingwea, kwa watu wa ukoo wake. Alibeba vyungu viwili tu. Walioonana naye njiani walisema alipita kimya.

Hayo yote watu wa Mandawa wanayajua, isipokuwa kwamba mkanda ulikuwa bubu. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa ajili ya siku ile. Nilijiambia nilikuwa kijana. Nilijiambia umati unaweza kumvunja mtu yeyote. Mnaosoma mnaweza kunisamehe hapo, na wengine mtanisamehe kweli, kwa sababu kila mmoja wenu anajua ni nini kutazamwa na watu wote.

Lakini sikuanza kuandika leo kwa sababu ya siku ile.

Miaka ilipita. Nilisoma tena, nikawa mwalimu wa sekondari, nikahamishiwa Nachingwea. Msimu mmoja wa kuvuna ufuta nilitumwa Marambo kwa shughuli za mitihani. Nilimaliza mapema, nikawa natembea kuelekea kituo cha gari. Kwenye baraza moja niliona vyungu vimepangwa juani, na michoro ya shingoni mwa vyungu vile niliijua kabla sijamwona aliyeketi nyuma yake.

Nywele zake zilikuwa zimeota upya, nyeupe zote. Alinitambua kwa sauti nilipompa shikamoo. Ningeweza kupita. Sijui kwa nini sikupita.

"Marahaba, Mwalimu. Mwalimu wangu wa sinema." Alinipa kigoda. Aliniuliza habari za Mandawa, akataja watu kwa majina, akamwulizia hata yule mama aliyefiwa, kama alipata mtoto mwingine. Nikamwambia alipata wawili. Akasema Mungu ni mwema. Watu wote wa nyumba hiyo walikuwa shambani. Alinimiminia chai, akashika kitambaa chini ya mdomo wake akanywa ya kwake.

Kisha akarudi kwenye kazi. Alisugua chungu kibichi kwa kijiwe, na nilisikia kijiwe tu, kinakwenda na kurudi, hakuna kingine. Nilikaa nikisubiri kile kilichokuwa kinafuatana na mlio huo. Hakikuja.

Alikigeuza chungu upande wa pili.

"Mwalimu, nina swali, usinikasirikie. Padri nilimwuliza, akasema yeye mambo ya video hayajui." Kijiwe kikasimama. "Ule wimbo. Umo kweli kwenye ule mkanda?"

Nilikizungusha kikombe cha chai mkononi. Akadhani sijaelewa, akanieleza vizuri, kwa subira, kama alivyonieleza siku ile niliyoukosea.

"Si kwa ajili ya yale ya kunyolewa. Yale yamepita. Ni kwa ajili ya Tereza. Nilimwimbia njia nzima. Kama ni wimbo wa shetani, na mama yangu hakujua, na mimi sikujua, basi ntoto wangu nilimwua mimi, pale mgongoni. Siku hizi siimbi. Lakini nikijua haumo, nitaimba."

Leo ni siku ya saba tangu niambiwe moyo umechoka, na nimeikumbuka asubuhi ile ya Marambo katika kila siku kati ya hizo. Hapakuwa na mwenyekiti. Hapakuwa na umati, hapakuwa na mganga. Kuku walikuwa wanachakura kwenye makapi ya ufuta. Hakuna mtu duniani ambaye angesikia jibu langu isipokuwa kikongwe mmoja, naye asingemwambia mtu, na hata angemwambia nisingepoteza chochote. Sikuwa na hofu. Nimejichunguza sana juu ya hilo, mimi niliyeijua hofu kama fundi anavyojua zana zake, na sikuiona mle. Nilikuwa na aibu tu, aibu ya kawaida, ya mtu asiyetaka kuonekana na yule aliyemkaribisha chai kwamba alikuwa mwongo.

Alifariki mvua zilizofuata. Nilisikia habari zake sokoni, kwa mtu aliyekuwa analalamika kwamba vyungu vizuri havipatikani tena.

Rehema amelala chumba cha pili, usingizi wa mchana. Akiamka nitampa simu asome haya kabla hayajaenda kwenu, ili yeye awe wa kwanza kunitazama.

Filomena aliuliza mara moja tu. Alikuwa amekishika kile kijiwe hewani, hajakiweka chini, tayari kuendelea na kazi, na midomo yake nilikwisha kuiona imefumbwa kama ya mtu anayejiandaa kuanza.

Nikanywa chai iliyobaki.

Nikamwambia umo.